Rangi za Kishamba: Historia ya Msamiati wa Mng'aro Uliopita Kiasi katika Kiswahili cha Mombasa Bara

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wana desturi ya kuueleza mtindo kwa maneno yaliyotoka katika mavazi, mapambo na mapishi. Twasema lugha ya mwandishi imepambwa, imetiwa nakshi, imekolezwa, ina madoido. Na ikituchukiza twasema ina mbwembwe, au imerembwa kupita kiasi. Maneno haya twayatumia kana kwamba ni vipimo visivyo na mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vipimo hivi vina wenyewe na vina historia, na kwamba sehemu muhimu ya historia hiyo ilitendeka katika eneo dogo linalojulikana na wasomaji wetu wengi: kisiwa cha Mombasa na nchi kavu inayokikabili, yaani Likoni upande wa kusini, Changamwe upande wa magharibi na Kisauni upande wa kaskazini.

Uchunguzi huu ulianza kwa kosa la mwandishi mwenyewe. Katika kusahihisha mkusanyiko wa mashairi ya mwanafunzi wa uzamili, mzaliwa wa Likoni, niliandika pambizoni mwa shairi moja maneno haya: "Mapambo ya kishamba." Shairi lilieleza kivuko wakati wa usiku: taa za rangi za matatu, leso za akina mama waliokuwa wakingoja feri, na mkufu wa dhahabu ya bandia shingoni mwa kijana. Mwanafunzi alinijia ofisini na swali moja tu: "Shamba lipi, Mwalimu?" Nilimjibu kwamba huo ni msemo tu wa Kiswahili. Jibu hilo halikumtosha, na baadaye halikunitosha mimi. Msemo ni kitu chenye asili, na ni wajibu wa mwanafasihi kuijua asili ya kauli anayoitumia kuhukumu kazi ya mwenziwe.

Mng'aro usio na lawama

Yafaa kwanza kueleza kwamba Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mng'aro. Kitu chaweza kung'aa au kung'ara, kumeremeta, kumetameta, kuwaka, kunawiri. Bibi harusi humeremeta, nyota humetameta, uso wa mtu mwenye afya na shamba lililopata mvua yote hunawiri, kwa kitenzi chenye shina moja na nuru. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kilicho na lawama ndani yake. Anayetaka kusema kwamba mng'aro umezidi hana kivumishi kimoja cha kumtosheleza. Hana budi kuongeza "mno" au "kupita kiasi", ama aiache sifa ya kitu chenyewe na azungumzie mojawapo ya mambo mawili: jicho linalotazama, au mtu anayejionyesha.

Kwa upande wa jicho, lugha ina neno la thamani kubwa, nalo ni kiwi. Kiwi ni ile hali ya jicho kutoona kwa muda baada ya kukabiliwa na mwanga mkali. Abiria asimamaye ubavuni mwa feri ya Likoni saa sita za mchana, jua likipiga majini, hutiwa kiwi. Msemaji hasemi kwamba maji yana kosa, wala jua. Anasema jicho lake limezidiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa rangi ichomayo macho au iyaumizayo: maumivu ni ya mtazamaji, na kauli yenyewe yakiri hivyo. Kutia kiwi, kwa hiyo, ni kauli ya haki. Inamtaja anayehukumu pamoja na kinachohukumiwa.

Ushairi wa kale wa pwani wathibitisha kwamba mng'aro kwa wenyewe haukuwa aibu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anazikumbuka nyumba za wakwasi wa Pate, taa zake na vyombo vyake, kabla hazijawa magofu. Utendi huo hutajwa mara nyingi kuwa ni lawama ya anasa. Hata hivyo, ukisomwa kwa makini, lawama yauangukia moyo uliosahau mauti. Taa hazikukosea kwa kuwaka. Waliokosea ni waliodhani hazitazimika. Vivyo hivyo, Mwana Kupona binti Msham, katika utendi wake wa 1858, hamkatazi binti yake mapambo. Anamhimiza ajipambe, avae vyombo vyake na asiviache, kwa kuwa kupamba ni sehemu ya adabu ya mke muungwana. Katika utendi huo huo anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Wahakiki wengi wameyasoma mambo haya mawili kama nasaha mbili zilizo mbali mbali. Sisi twaona kwamba ni nasaha moja: kung'aa ni wajibu wa mtu mmoja, na hakumo katika fungu la mwingine.

Rangi, maji na bei

Msamiati wa rangi una asili nyingine, nayo ni jikoni na katika chungu cha mtiaji rangi. Rangi hukolea kama chumvi inavyokolea katika mchuzi, hukoza, huiva, huwa kali kama pilipili, kisu au jua. Kinyume chake hupauka, hufifia, huchujuka. Tukiyatazama maneno haya kwa pamoja twaona kwamba yanapima ubora wa mali. Kanga au kikoi kilichokolea rangi ni kizuri. Kilichochujuka hakifai, kwa sababu rangi yake imetoka na maji ya kufulia, na aliyekinunua amepunjwa.

Methali zinazonukuliwa sana kuhusu uzuri wa nje zatoka katika busara hiyo ya mnunuzi. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," husemwa juu ya kile kijaluba kilichorembwa nje, na wengine husema, "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi." Kauli hizi mbili hazina maana moja. Ya kwanza yauliza kilichomo ndani, na ya pili yauliza kitadumu muda gani. Lakini zote mbili hazina ugomvi na rangi yenyewe. Zina ugomvi na udanganyifu. Hali kadhalika, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" ni methali ya soko kabla haijawa ya maadili. Katika mji wa wafanyabiashara, ambako marobota ya nguo yalikuja kutoka Uhindi, Uarabuni, Uingereza na Marekani, mtu alihitaji lugha ya kutofautisha bidhaa nzuri na mbovu, na lugha ikampa. Katika msamiati huu hakuna anayeuliza ni nani atakayeivaa nguo.

Wenye kujionyesha

Swali hilo laulizwa na fungu la tatu la maneno, yale ya mtu na mwendo wake. Kushaua ni kuvuta macho na tamaa ya mtu kwa vionyesho. Kujishaua ni kujionyesha. Mwenye tabia hiyo ni mshaufu, na kishaufu ni pambo dogo. Mikogo ni maringo ya mwendo na mavazi. Mbwembwe na madoido ni nyongeza zinazowekwa ili zitazamwe. Maneno haya hayana kipimo cha mwanga hata kidogo. Kitambaa kile kile, kikivaliwa na mtu mmoja, huitwa pambo, na kikivaliwa na mwingine huitwa ushaufu.

Neno maridadi lina historia inayofaa kufuatwa. Kwa watunga kamusi wa zama za Madan, ambaye kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1903, neno hili lilihusishwa na mavazi ya kujionyesha na mtu apendaye mno kujipamba. Johnson aliijenga kamusi yake ya 1939 juu ya msingi wa Madan. Leo, nchini Kenya, kuambiwa maridadi ni kusifiwa: chumba maridadi, kazi maridadi, hata hoja maridadi. Lakini lawama ya zamani haikutoweka, imejificha katika msemo maarufu, "Umaridadi huficha umaskini." Msemo huu watumiwa kwa namna mbili. Maskini husema hivyo kwa fahari akipiga pasi shati lake moja la kutokea. Mwenye nacho husema hivyo kwa kejeli akimtazama maskini yule yule. Maneno hayabadiliki, kinachobadilika ni upande aliosimama msemaji.

Yafaa kukumbuka pia kwamba ushahidi wa maandishi tulio nao juu ya Kimvita ulikusanywa kwa kiasi kikubwa kutoka nchi kavu. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846, waliweka makao yao Rabai, nyuma ya Changamwe, na kamusi kubwa ya Krapf ikachapishwa mwaka 1882 baada ya yeye kufariki. Taylor, aliyechapisha mkusanyiko wake wa methali mwaka 1891, aliishi miongoni mwa watu wa Mombasa na Freretown. Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa Mombasa, ndiye aliyemsaidia kuyahifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji. Hivyo lugha ya mji ilihifadhiwa na watu waliokuwa wakivuka maji kila mara, na mpaka kati ya kisiwa na bara haukuwa mgumu kama majina yanavyodai.

Shamba na mji

Sasa twaweza kurudi kwenye swali la mwanafunzi. Mswahili akitaka kusema kwamba rangi ni kali mno, au kwamba rangi kadhaa zimechanganywa bila mpango, husema ni rangi za kishamba. Twapendekeza kwamba huu ndio msemo ulio karibu zaidi na kivumishi tulichokikosa hapo mwanzo. Lakini kivumishi hiki hakielezi rangi. Kinaeleza mahali.

Mahali penyewe pajulikana. Katika karne ya 19 jamaa wenye uwezo wa Mombasa, Waswahili na Waarabu wa asili ya Omani, walikuwa na mashamba yao ng'ambo ya maji: Kisauni, Likoni, Changamwe na kwingineko katika nchi kavu. Cooper, katika utafiti wake wa 1977 juu ya utumwa wa mashambani katika Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi mashamba hayo ya pwani yalivyotegemea kazi ya watumwa. Mji ulikuwa kisiwani. Shamba lilikuwa bara. Na kati yao palikuwa na mkondo wa bahari unaovukwa kwa dau. Kwa mtu wa mji, mshamba hakuwa mkulima wa kufikirika. Alikuwa mtu anayeonekana ng'ambo.

Hata hivyo, ramani hii ilikuwa na dosari tangu hapo. Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana, na ni wenyeji wa Mombasa kwa daraja isiyopungua ya mwingine. Wajomvu, jirani zao, wamo katika Tisa Taifa. Jina la Changamwe, kwa hiyo, lilikuwa la waungwana kabla halijawa la stesheni ya reli na mitaa ya wafanyakazi. Anayesema kwamba bara yote ni shamba anawasahau wenye mji wenyewe.

Kuna dosari kubwa zaidi, na hapa ndipo ilipo hoja yetu. Mtu wa shamba wa karne ya 19 hakuwa na rangi kali. Nguo zake zilikuwa merikani, yaani ile pamba isiyopaushwa iliyoanza kuletwa na wafanyabiashara wa Marekani, na kaniki, nguo iliyotiwa nili hadi ikakaribia weusi. Utafiti wa Fair wa 2001 juu ya Zanzibar umeeleza kwa kirefu jinsi nguo hizi zilivyokuwa alama ya watumwa na mafukara, na jinsi watumwa walivyozuiwa kuvaa kofia na viatu. Rangi zilikuwa za mji: hariri, debwani, zari ya uzi wa dhahabu katika joho. Kama rangi kali zingeitwa kwa jina la wenye kuzivaa wakati huo, zingeitwa rangi za kimji. Msemo "rangi za kishamba" hauwezi basi kuwa umetokana na kutazama mavazi ya shamba kama yalivyokuwa wakati wa utumwa. Waeleweka vizuri zaidi ukichukuliwa kuwa ni kauli ya wakati wa baadaye, watu wa shamba walipoanza kununua rangi.

Leso, ngoma na haki ya kung'aa

Wakati huo ulianza mapema kidogo huko Kisauni. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa, mkabala wa kisiwa; kengele yake bado ipo Kengeleni. Miongoni mwa wakazi wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliolelewa Nasik, karibu na Bombay, ambao walikuja wakiwa na elimu, ufundi na mavazi ya Kizungu. Wenye watumwa mjini hawakupendezwa na kijiji hicho kwa sababu nyingi, kubwa zaidi ikiwa ni kupoteza watu wao wa kazi. Lakini tusisahau lililoonekana kwa macho: ng'ambo ya maji walikuwapo watu waliohesabiwa kuwa watumwa, nao walitembea wamevaa viatu.

Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 ikafungua njia ya kusajili madai ya ardhi, na wengi waliokuwa wakilima bila karatasi wakabaki maskwota katika ardhi ya wengine. Cooper alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1980, na mashauri ya ardhi ya Likoni na Kisauni yaliyoendelea kwa miongo mingi baada ya uhuru yana mizizi yake hapo. Aliyeachiwa huru hakupata shamba. Alichoweza kupata, kwa ujira wa bandarini, wa reli au wa kuuza maandazi, kilikuwa leso.

Leso, kama jina lake la Kireno linavyoshuhudia, ilianza kuwa kitambaa kidogo cha mkononi. Wanawake wa pwani, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walianza kununua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa na kuviunganisha kuwa nguo moja. Baadaye viwanda vya Ulaya, Uhindi na Japani vikachapa nguo nzima yenye pindo, mji na jina. Mombasa yaendelea kuiita leso, na Zanzibar na Tanzania bara huiita kanga. Katika mtaa wa Biashara, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alizitambulisha zake kwa alama iliyosomeka "Mali ya Abdulla". Huyu muuzaji alihitaji rangi iliyokolea na isiyochuja. Mnunuzi, ambaye mama yake huenda alivaa kaniki maisha yake yote, alihitaji jambo zaidi ya hilo. Alihitaji kuonekana akivaa.

Kwamba kuonekana huko kulikuwa shabaha twakujua kutokana na ngoma. Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameyaeleza makundi ya lelemama yaliyoshindana kwa sare, karamu na maandamano, ambamo wanawake wenye asili ya utumwa walipata nafasi ya heshima ambayo nasaba haikuwapa. Ranger, mwaka 1975, aliieleza beni ya wanaume kwa namna iliyo karibu na hiyo: miji ya pwani ya Kenya, Mombasa ikiwamo, ilikuwa miongoni mwa chimbuko la ngoma hiyo ya gwaride, vyeo na sare, yenye pande mbili za mashindano. Hapa mikogo haikuwa tabia mbaya ya mtu mmoja. Ilikuwa kanuni ya mchezo, na kundi lisilo na mikogo lilishindwa.

Haitakuwa haki kudai kwamba kila aliyelaumu mambo haya alilinda daraja yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kupitia magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliwakemea Waislamu wa Mombasa kwa israfu na kwa kuwaiga Wazungu. Israfu ni neno lenye kipimo kilicho wazi: ni kutumia mali kupita haja. Lamhusu tajiri kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye cha kupoteza. Nyumba zilizouzwa na mashamba yaliyowekwa rehani kwa ajili ya sherehe yalikuwa madhara ya kweli. Tofauti ni hii, kwamba israfu yauliza gharama, na "kishamba" yauliza asili. Mkosoaji wa kwanza aweza kuridhishwa kwa kuonyeshwa hesabu. Wa pili hana hesabu itakayomridhisha.

Amri za rangi

Miaka iliyofuata ilileta waamuzi wapya. Mwaka 1928 mkutano wa nchi za Afrika Mashariki uliofanyika Mombasa uliafiki Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Katika mji wao wenyewe, wenye Kimvita waliambiwa kwamba lugha ya Muyaka ni lahaja. Baada ya hapo mtoto wa Mombasa aliyeandika "mato" badala ya "macho" katika insha yake alisahihishwa kwa wino mwekundu. Mtu wa mji alionja kidogo kile alichokuwa akimpa mtu wa ng'ambo: kuhukumiwa kwa mahali badala ya kauli yenyewe.

Barabarani, kuanzia miaka ya 1990, matatu zilizorembwa kwa michoro, taa na muziki mkubwa zilipata jina la manyanga. Wazee wa pwani walilijua neno hilo kuwa ni jina la vile vibuyu vyenye mbegu vinavyotikiswa ngomani. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutekelezwa, zikidai mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Mikanda na vidhibiti mwendo vilihusu uhai wa abiria, na hakuna mwenye akili aliyevipinga. Pamoja navyo, michoro ikafutika kwa muda, nayo haikuwa imemuua mtu. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu. Waliosifu walisema mji umerudishiwa haiba yake. Walionung'unika walisema gharama ya rangi imewaangukia wao. Kwetu sisi lililo muhimu ni kwamba haiba ilifafanuliwa kwa kupunguza rangi, na kwamba kipimo kilitangazwa tena kutoka kisiwani.

Faida kwa uhakiki

Historia hii yatufundisha nini sisi tunaohakiki? Kwanza, kwamba maneno tunayoyatumia juu ya mtindo yako katika mafungu matatu, na si busara kuyachanganya. Tukisema lugha ya shairi inatia kiwi, tunataja athari kwetu, na tuna wajibu wa kueleza ni kwa nini jicho letu lilizidiwa. Tukisema imechujuka, tunatoa madai yanayoweza kupimwa: kwamba taswira ilipendeza mara ya kwanza na haikustahimili kusomwa mara ya pili. Tukisema ni mbwembwe au ni ya kishamba, tumekwisha kuliacha shairi, tunamzungumzia mtunzi.

Pili, kwamba majivuno ya lugha ni kanuni ya baadhi ya tanzu zetu. Majigambo na vivugo havisomeki bila kujikweza. Taarabu ya mashindano haina ladha bila mafumbo yaliyokolezwa. Jina la leso halina kazi kama halionekani na jirani aliyekusudiwa. Muyaka mwenyewe, tunayemfundisha kama kielelezo cha ufasaha, alikuwa hodari wa kujibizana mbele ya hadhira. Kumtaka mshairi wa leso na matatu awe mpole wa rangi ni kumtaka awe mtunzi wa utanzu mwingine.

Tatu, kwamba hoja hii isigeuzwe kuwa msamaha wa kila kitu. Nililisoma upya shairi la yule mwanafunzi kwa vipimo viwili vya kwanza. Beti zake nne za mwanzo, ambamo taa za feri, leso na mkufu wa bandia vinafuatana bila kupumzika, zinatia kiwi kwa makusudi: msomaji hapati nafasi ya kumwona kijana mwenyewe mpaka feri inapoondoka na mwanga kupungua. Huo ni ufundi, nami sikuuona. Beti mbili za mwisho, zinazorudia taswira zile zile bila kuziongezea neno, zimechujuka, na hilo nilipaswa kumwambia, kwa kuwa lingemsaidia kuzitunga upya. Nilichomwandikia hakikumwonyesha nguvu yake wala udhaifu wake. Kilimwambia anakotoka tu, jambo alilolijua tangu utotoni.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili, kwa asili, hakiulaumu mng'aro. Kinayo maneno ya kuusifu, kinayo maneno ya kukiri kwamba jicho limezidiwa, na kinayo maneno ya kupima kama rangi itastahimili maji. Lawama ya rangi kwa jina la shamba twaielewa kuwa imezaliwa na historia maalumu ya mji wa kisiwa uliolishwa na mashamba ya bara, na kuwa ilipata nguvu pale waliokuwa wamevishwa kaniki walipojinunulia leso.

Uchunguzi huu haujamalizika. Msamiati wa Wadigo wa Likoni, na wa Wagiriama na jamaa zao wa Kisauni, unastahili kukusanywa kwa makini, kwa kuwa nao walikuwa na la kusema juu ya mavazi ya watu wa kisiwani, na kamusi zetu hazikuwasikiliza vya kutosha. Ni kazi inayowafaa wanafunzi wetu wa uzamili, hasa wale wanaovuka feri kila siku. Kwa upande wangu, swali la mwanafunzi nimelijibu kwa kuchelewa. Shamba nililolitaja lilikuwa Likoni. Wenyewe ni wale waliolilima bila hati, na rangi walizivaa baada ya kuwa huru. Alama za kazi yake zilikuwa zimekwisha kuwasilishwa, na maneno yangu yamebaki pambizoni mwa nakala iliyohifadhiwa. Ni haki yake kwamba majibu haya nayo yahifadhiwe.